Kujenga Mfano wa Merikebu ya Kale ya Makasia Katika Somo la Historia

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa historia anayependa kuwapa wanafunzi wake kazi ya mikono iliyo na fikra ndani yake. Mfano niliouchagua ni trirema, yaani merikebu ya vita ya Wagiriki wa kale iliyokuwa na safu tatu za makasia kila ubavu. Nimeuchagua kwa sababu moja kubwa. Gofu la trirema halijapata kuonekana, si baharini wala nchi kavu. Kwa hiyo anayetaka kuijenga, hata kwa ukubwa wa kuwekwa mezani, hana pa kunakili. Hana budi kukusanya ushahidi kipande kwa kipande, aupime, kisha autolee hukumu kwa msumeno na patasi.

Nalitaja jambo hili kwa kuwa nimeona mara nyingi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, jinsi mifano inavyotumika. Mwanachuo huleta darasani chombo kizuri alichokitengeneza kwa kufuata picha ya kitabuni. Hukiweka juu ya meza, wanafunzi hukisifu, na somo huendelea kwa ubao na chaki kana kwamba chombo kile hakikuwapo. Zana ya namna hiyo imemfundisha mtengenezaji kukata mbao, lakini darasa halikupata kitu. Mfano hufundisha pale unapokataa kusimama mpaka swali lijibiwe.

Swali la trirema ni hili: wapiga makasia walikaaje? Orodha za mali ya majeshi ya majini ya Athens, zilizochongwa juu ya mawe katika karne ya 4 K.K. na kupatikana Piraeus mwaka 1834, zinatuwezesha kujua hesabu yao. Safu ya juu ilikuwa na makasia 62, ya kati 54, na ya chini 54, jumla 170. Orodha hizo hizo hutaja makasia ya akiba, mengine ya dhiraa 9 na mengine ya dhiraa 9 na nusu. Mabanda ya merikebu yaliyochimbuliwa katika bandari ya Zea mwaka 1885 yaliwafanya wataalamu wakadirie kwamba trirema haikuzidi mita 37 kwa urefu na mita 6 kwa upana. Thucydides naye, akieleza mpango wa kuishambulia Piraeus mwaka 429 K.K., asema kwamba mabaharia walitoka Corinth hadi Megara kwa miguu, kila mmoja akichukua kasia lake, mto wake wa kukalia, na kamba ya kulifungia kasia. Basi kasia moja lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo aliweza kulibeba begani.

Mwalimu awape wanafunzi habari hizi kabla ya kuwapa mbao. Asiwape picha. Kisha wasianze na merikebu nzima, bali waanze na kipande cha ubavu mmoja, chenye nafasi tatu za wapiga makasia kwa urefu, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Hapa ndipo penye kiini cha somo zima, na vipindi viwili au vitatu vikitumika hapa havikupotea.

Mwandishi wa Kirumi Vitruvius asema kwamba nafasi kati ya kishikizo cha kasia moja na kingine katika merikebu ilikuwa dhiraa mbili. Kwa dhiraa fupi ya Kigiriki hiyo ni kama sentimeta 89, nayo katika kipande chetu huwa karibu sentimeta 9. Kasia la dhiraa 9 na nusu huwa sentimeta 42, na ufito wa mwanzi wafaa. Mtu apatikaneje? Wanafunzi wapimane wenyewe: urefu wa mtu akiwa ameketi, urefu wa mkono ulionyoshwa, upana wa mabega, umbali kutoka kiunoni hadi unyayoni. Vipimo hivyo vigawanywe kwa kumi, na kwa hivyo wakate watu wa kadibodi wenye viungo vya uzi begani na kiunoni, ili waweze kuinama na kuvuta. Somo la hesabu limekwisha kuingia bila kuitwa.

Sasa kila kundi lijaribu kuwakalisha watu watatu. Karibu kila kundi litafanya kama wachoraji wengi walivyofanya: litawapanga watu wima, mmoja juu ya kichwa cha mwingine, na kumpa yule wa juu kasia refu sana ili lifike majini. Mwalimu asiwasahihishe. Awarudishe tu kwenye orodha ya Piraeus. Je, orodha yasema nini juu ya urefu wa makasia? Tofauti iliyotajwa ni nusu dhiraa, na wataalamu huifahamu kuwa ni tofauti kati ya makasia ya katikati ya merikebu na yale ya kuelekea omo na tezi, ambako ubavu hupinda. Kasia refu maradufu halimo. Itabidi yule wa juu ashushwe. Akishushwa, miguu yake itamgonga wa kati, na wa kati atamgonga wa chini. Wanafunzi watahangaika, na mahangaiko hayo ndiyo somo.

Baada ya muda, kundi moja litagundua kuwapanga kwa mshazari, kila mtu akiwa nyuma kidogo na ndani kidogo kuliko aliye juu yake, hata safu tatu zikaingiliana badala ya kubebana. Kundi jingine litaona kwamba kishikizo cha kasia la juu chaweza kuwekwa nje ya ubavu, juu ya fremu iliyotokeza. Hapo ndipo mwalimu aonyeshe picha, nayo ni ile ya jiwe la kuchongwa lililopatikana katika ngome ya Athens mwaka 1852. Ndani yake wapiga makasia wa juu waonekana dhahiri, na chini ya fremu yao makasia ya safu nyingine yatokeza. Mwanafunzi aliyekwisha kupambana na kadibodi yake ataisoma picha hiyo kwa jicho jingine kabisa.

Ushahidi wa tundu la chini wapendeza zaidi. Herodotus asimulia kwamba, mnamo mwaka 499 K.K., jemadari wa Uajemi aitwaye Megabates aliikuta merikebu moja haina zamu ya ulinzi. Akaamuru nahodha wake, Skylax, afungwe na kupitishwa katika tundu la kasia la safu ya chini, kichwa kikiwa nje na mwili ndani. Basi tundu hilo lilipitisha kichwa cha mtu. Wanafunzi wapime kichwa cha mwenzao, wagawanye kwa kumi, watoboe. Tundu kubwa namna hiyo, karibu hivyo na maji, lisingekosa kuingiza mawimbi, na ndiyo sababu Wagiriki walilivisha mfuko wa ngozi kulizunguka kasia. Aristophanes pia, katika tamthilia yake Vyura ya mwaka 405 K.K., ana mzaha juu ya yaliyompata mtu wa safu ya chini kwa sababu ya mahali uso wake ulipokuwa. Mzaha wenyewe haufai kuandikwa hapa, ila kwa mjenzi wa mfano ni kipimo kizuri.

Wasomaji wasidhani kwamba kuanza na kipande ni mchezo wa shule. Mwingereza John Morrison, mtaalamu wa Kigiriki, na John Coates, msanifu wa meli, walipotaka kuijenga trirema kwa ukubwa wake halisi, walitengeneza kwanza kipande cha ubavu na kukijaribu majini huko Uingereza mwaka 1985. Merikebu yenyewe, Olympias, ilijengwa Piraeus na kukabidhiwa jeshi la majini la Ugiriki mwaka 1987. Mkuku wake ni wa iroko, mti ambao sisi twauita mvule. Majaribio ya baharini yalionyesha kwamba watu 170 waliweza kupiga makasia pamoja bila kugongana, jambo ambalo wengi walilikana. Yalionyesha pia kwamba nafasi ya sentimeta 89 iliwabana wapigaji, wasiweze kunyosha mvuto wao. Baadaye wataalamu walishika rai kwamba dhiraa iliyotumika ilikuwa ndefu zaidi, kama sentimeta 49, hivyo nafasi ikawa sentimeta 98. Kundi litakalolalamika kwamba watu wake wa kadibodi wamebanana lisinyamazishwe. Lipewe dhiraa ya pili, lijenge upya, lilinganishe.

Kuhusu merikebu nzima sina haja ya kusema mengi. Kipimo cha moja kwa hamsini chafaa: urefu sentimeta 74, upana 12. Mkuku ukatwe kwa ubao mmoja ulionyooka, kalibu za plaiwudi zisimamishwe juu yake, na vipande vyembamba vya mbao laini vilowekwe, vipindwe na kugandishwa kwa gundi. Wanafunzi waelezwe kwamba Wagiriki wa kale hawakuanza na mataruma. Waliunganisha mbao za ubavu kwanza kwa ndimi zilizoingia katika matundu ya ubao wa pili, na mataruma yakatiwa baadaye. Mtepe wa pwani yetu ulifuata utaratibu uo huo, ingawa mbao zake zilishonwa kwa kamba. Makasia yatokane na chelewa, kila moja sentimeta 8.4. Yote 170 yatahitaji zaidi ya mita 14, kwa hiyo ufagio mmoja usidhaniwe kutosha kabla ya kupimwa. Ubavu mmoja uachwe wazi ili safu zionekane.

Lipo jambo ambalo mwalimu aliangalie wakati wa kutengeneza watu. Wanafunzi waliotazama filamu watataka kuwafunga minyororo. Waulizwe ushahidi wao. Wapiga makasia wa Athens walikuwa kwa sehemu kubwa raia maskini na wageni waliolipwa ujira, ingawa watumwa nao walitumika nyakati fulani. Merikebu zilizopigana Salamis mwaka 480 K.K. zilijengwa kwa fedha ya machimbo ya Laurion, baada ya Themistocles kuwashawishi raia wasigawane fedha hiyo. Mwandishi mmoja wa karne ile ile, ambaye kitabu chake kilihesabiwa kimakosa kuwa cha Xenophon, hakupenda utawala wa watu wengi. Hata hivyo alikiri kwamba ilikuwa haki maskini wawe na sauti Athens, kwa kuwa wao ndio walioziendesha merikebu. Darasa likiisoma habari hiyo mbele ya viti 170 vilivyobanana, maana ya neno raia katika mji ule haitahitaji hotuba ndefu.

Katika kutoa alama, mwalimu asitazame ulaini wa msasa. Anyooshe kidole kwenye sehemu yoyote ya merikebu na kuuliza: hiki umekijuaje? Kabla ya siku hiyo, kila kundi lipake rangi mfano wake kwa kanuni hii: sehemu yenye ushahidi wa maandishi, jiwe au magofu iachwe na rangi ya mbao, na sehemu iliyokisiwa ipakwe chokaa. Domo la shaba, hesabu ya makasia na fremu ya nje vitabaki na rangi ya mbao. Umbo la ubavu chini ya maji litakuwa jeupe lote, na kundi lisilopaka chokaa hapo liulizwe zaidi kuliko mengine.