Kutu Inayolinda Chuma

Jembe likiachwa nje wakati wa masika hushika kutu. Ukiikwangua kwa kisu inabanduka kama unga, na chuma kilicho chini yake kinaanza kuliwa tena. Chuma kinaliwa hivyo kikipata maji na hewa kwa pamoja. Jembe lililopakwa mafuta halishiki kutu upesi, kwa kuwa mafuta yanazuia vyote viwili.

Leo tutasoma juu ya kutu ya namna nyingine, kutu ya mabehewa ya reli.

Huko Marekani watu wa reli walipata taabu na mabehewa ya makaa ya mawe. Makaa hayo yana salfa, na salfa ikikutana na maji na hewa hutoa asidi. Asidi hula chuma. Mwaka 1933 kampuni ya United States Steel ilileta chuma kipya kilichoitwa Cor-Ten, nacho kikatumika kwanza kwenye mabehewa hayo. Ndani yake wametia shaba, kromi, nikeli na fosforasi. Kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga.

Chuma hicho nacho hushika kutu, msishangae! Lakini kutu yake imeshikana, haibanduki ovyo. Inakuwa kama ngozi inayozuia maji na hewa kufika ndani. Kuliwa kunapungua sana, ingawa hakukomi kabisa.

Sharti lake ni moja: kilowe, kisha kikauke. Mvua, jua, mvua, jua. Kikikaa majini siku zote ngozi ile haijengeki. Chumvi ya bahari nayo huiharibu. Uwanja wa michezo wa Aloha kule Honolulu, uliofunguliwa mwaka 1975, ulijengwa kwa chuma cha aina hii karibu na bahari. Kutu haikusimama, ikabidi fedha nyingi zitumike kuutengeneza na kuupaka rangi.

Sasa tutazame viungo, maana hapo ndipo ugonjwa huanza. Fundi anapochomelea mabamba mawili, huyeyusha kijiti cha chuma katikati yao. Akijaza mshono mnene kwa kijiti cha chuma cha kawaida, mshono unakuwa dhaifu kuliko mabamba. Unyevu ukija, mshono ndio unaoliwa kwanza, tena upesi, kwa sababu wenyewe ni mdogo na mabamba ni makubwa. Kwa hiyo mafundi wa mabehewa huchagua kijiti chenye nikeli au shaba ndani yake.

Kuna hatari nyingine. Bamba likilazwa juu ya jingine na kuchomelewa hapa na pale tu, maji huingia katikati na hayakauki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inafura kama maharage yaliyolowekwa, inasukuma mabamba mpaka yanapinda au mshono unapasuka. Fundi mzuri huchomelea mfululizo bila kuacha mwanya. Pia hutoboa matundu pale maji yanapoweza kutuama.

Haya si mambo ya reli peke yake. Katika kijiji kimoja tulichofundisha, mkokoteni wa ng'ombe ulikatika kwenye kiungo ukiwa na magunia ya pamba. Mwenyewe alivunjika mguu. Watu walisema eti ng'ombe walishtuka. Tulipokitazama kile kiungo, ndani kilikuwa kutu tupu, na nje kimepakwa rangi ya bluu nzuri kabisa! Mabamba yalikuwa yamelaliana na mwanya haukuzibwa. Tangu siku ile hatuiamini rangi mpya mpaka tuchungulie chini yake.

Kazi ya kundi:

Tazameni mkokoteni au plau ya kijijini kwenu. Maji yanatuama wapi baada ya mvua? Kuna mshono uliovimba, au rangi iliyoinuka kama lengelenge? Kwangueni hapo, kisha andikeni mlichokiona. Mkiona ufa, msipakie mzigo mpaka fundi aje.