Nywele Zinapoziba Utumbo wa Mtoto

Wapo watoto, wengi wao wasichana, wanaong'oa nywele zao na kuzimeza kwa siri miezi na miaka, mpaka tumbo linapokataa. Daktari wa upasuaji wa watoto anajibu maswali ya wazazi.

Daktari, kwa nini nywele zisitoke tu na choo?
Chache hutoka. Zikizidi, hunasa kwenye mikunjo ya mfuko wa chakula. Zinateleza, hivyo misuli inashindwa kuzisukuma, na asidi haiwezi kuyeyusha keratini, protini inayojenga nywele. Husokotana na ute na mabaki ya chakula hadi kuwa donge gumu, jeusi, lenye harufu kali na umbo la mfuko wenyewe. Wakati mwingine mkia wake hushuka mpaka utumbo mwembamba. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1968 na kupewa jina la Rapunzel, binti wa ngano ya Kijerumani mwenye nywele ndefu.

Nitaijuaje mapema?
Mtoto hushiba upesi, hukonda, hupungukiwa damu na hunuka mdomo. Mpapase chini ya chembe ya moyo, huenda ukagusa uvimbe mgumu. Mtazame na kichwani kama ana mabaka yasiyo na nywele. Akianza kutapika matapishi ya kijani, tumbo likajaa, hapati choo wala hatoi hewa, hiyo ni dharura. Usimpe chakula wala dawa ya kuharisha, mkimbize hospitali.

Nimesikia soda ya kola huyeyusha donge.
Imewasaidia baadhi ya wagonjwa wenye madonge ya nyuzi za matunda na mboga. Nywele haziyeyuki.

Hospitalini watamfanyia nini?
Atawekewa dripu na mpira wa puani wa kupunguza kilichojaa tumboni. Ataongezewa damu ikibidi, kisha atapigwa altrasaundi au siti skani. Kulivuta donge kubwa kwa kamera kupitia mdomoni mara nyingi hushindikana, na kipande kikikatika kinaweza kwenda kuziba mbele. Kwa hiyo tunapasua mfuko wa chakula na kulitoa zima. Kisha tunaupapasa utumbo mwembamba wote kwa vidole, kwa kuwa donge dogo likisahaulika litaziba tena. Sehemu iliyokufa hukatwa, na ncha zilizobaki huunganishwa.

Je, anaweza kurudia?
Anaweza, kama tumetibu tumbo peke yake. Kung'oa na kumeza nywele ni maradhi, si ukaidi, na kumchapa au kumwaibisha kunamfundisha kujificha zaidi. Mwanasaikolojia humsaidia kutambua wakati mkono unapoelekea kichwani, ili aupe kazi nyingine, kama kukunja ngumi. Apimwe madini ya chuma pia, maana upungufu wake huambatana na hamu ya kula visivyoliwa. Kumnyoa hakutoshi, wapo wanaomeza nyuzi za rasta, za mwanasesere, hata za zulia. Mshono utapona kwa wiki chache. Kinachomsumbua moyoni kinahitaji muda mrefu zaidi, na mzazi anayemuuliza kwa upole na kumsikiliza ni sehemu ya matibabu.