MAFUTA YA GARI HAYACHEZEWI
Somo juu ya ajali, moto na vidonda vya kuungua



Kila siku barabara ya Bukavu kwenda Miti na Kavumu inapitisha makamyo, mabisi na pikipiki. Kandokando yake esansi inauzwa katika chupa na bidoni. Kazini nako tunazungukwa na mazutu: katika mashine, katika jenereta, katika magari. Harufu yake tumeizoea, na kitu kilichozoeleka hakiogopwi tena. Kwa hiyo somo la leo ni juu ya ajali ya gari inayofuatwa na moto. Tutaanza mbali, huko Marekani, kisha tutarudi kwetu Kivu ya Kusini.

AJALI YA CHARLOTTE

Chama cha mbio za magari kiitwacho NASCAR kilianzishwa Marekani mwaka 1948. Mwaka 1949, katika mji wa Charlotte, kilifanya shindano lake la kwanza la magari ya kawaida, yaani magari yale yale yanayouzwa dukani. Miaka ilivyopita mafundi waliongeza nguvu za injini na mwendo ukapanda sana. Lakini tanki la mafuta lilibaki la chuma tu, bila kinga ndani yake. Mwendo ulikua, usalama ukabaki nyuma.

Dereva mmoja mashuhuri alikuwa Edward Glenn Roberts, aliyezaliwa mwaka 1929. Watu walimwita Fireball, maana yake mpira wa moto. Jina hilo alilipata ujanani kwa sababu ya kurusha mpira kwa nguvu katika mchezo wa besiboli. Mwaka 1962 alishinda shindano kubwa la Daytona 500.

Tarehe 24 Mei 1964, huko Charlotte, katika shindano la maili 600, magari ya Junior Johnson na Ned Jarrett yaligongana. Wakati huo walikuwa katika mzunguko wa 7 tu. Roberts alijaribu kuyaepuka, gari lake likazunguka na kugonga ukuta kinyumenyume. Tanki lilipasuka, gari likapinduka na kuwaka moto. Jarrett alikimbia kumsaidia mwenzake, akamtoa na kumvua nguo zilizokuwa zikiwaka.

Roberts aliungua sehemu kubwa ya mwili. Hakufa siku ile. Alilala hospitalini siku 39, akafa tarehe 2 Julai 1964 kwa nimonia na vijidudu vilivyoingia katika damu. Tushike neno hili: moto ulizimwa siku ya kwanza, lakini kidonda kiliendelea na kazi yake hata mwisho.

Kuna jambo lingine. Wakati ule madereva walichovya nguo zao katika dawa ya kuzuia moto. Roberts alikuwa na pumu, na dawa ile ilimsumbua pumzi, basi hakuitumia. Sisi tusimhukumu, tujiulize. Ni nani kati yetu anayeacha masiki ya vumbi kwa sababu inamnyima pumzi, au glavu kwa sababu zinamwasha? Kinga ikikusumbua, mwambie shefu wako na uje kwa muganga, utafutiwe nyingine inayokufaa. Kufanya kazi bila kinga si dawa.

Siku 6 baada ya ajali ya Roberts, madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, walikufa kwa moto katika shindano la Indianapolis. Kisha ajali hizo, mafundi walitia mfuko wa mpira mgumu ndani ya tanki ili lisimwage mafuta likigongwa, na madereva wakapata nguo za nyuzi zisizoshika moto upesi.

MOTO WA SANGE

Tarehe 2 Julai 2010, miaka 46 kamili baada ya kifo cha Roberts, kamyo ya siterini iliyobeba mafuta ilipinduka Sange, katika barabara ya Bukavu na Uvira. Watu wengine walikimbilia kuchota mafuta kwa vyombo. Wengine walikuwa wamekaa karibu na hapo, wakitazama mechi ya Kombe la Dunia katika televisheni. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na watoto walikuwa wengi kati yao.

Hawakuwa wajinga. Mafuta ni feza, na umaskini unasukuma. Lakini wengi hawajui kwamba mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini bila kuonekana, unaingia katika mitaro na nyumba, na ukikutana na sigara, mbabula au injini inayotembea, moto unarudi mbio mpaka mafuta yalipo. Aliyesimama mbali anaungua pamoja na aliyechota.

TUJIKINGE

1. Siterini ikipinduka, ondoka mbali na uwaondoe watoto. Pita upande ambako upepo unatokea. Usichote hata kikombe kimoja.
2. Usiwashe sigara, kiberiti wala pikipiki karibu na mafuta yaliyomwagika.
3. Zima injini kabla ya kutia mafuta.
4. Usiweke bidoni ya esansi ndani ya nyumba, na hasa jikoni.
5. Wamama, kwenye mbabula vaeni nguo za pamba. Nailoni inayeyuka na kushikamana na ngozi.

MTU AKIUNGUA

1. Nguo zikiwaka asikimbie, maana mbio zinaongeza moto. Alale chini, afunike uso kwa mikono, ajiviringishe.
2. Mimina maji safi ya baridi juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Mtoto mdogo, mfunike sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi.
3. Vua pete, saa na mkanda kabla ya kuvimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute.
4. Usipake dawa ya meno, mawese, majivu wala udongo. Usipasue malengelenge.
5. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kwa muganga.

Ili kupima ukubwa wa kidonda, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni sehemu 1 kati ya 100 ya mwili wake. Mtu mzima akiungua zaidi ya viganja 10, au mtoto zaidi ya viganja 5, apelekwe hospitali upesi. Vilevile aliyeungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, na aliyevuta moshi hata sauti ikakwaruza.

Kidonda kidogo nacho kinataka uangalizi. Mwulize muganga juu ya sindano ya pepopunda. Osheni mikono kabla ya kukigusa, na mrudi dispanseri siku mliyopangiwa. Mgonjwa apewe maharagwe, mayai na sambaza, maana ngozi mpya inajengwa kwa chakula. Homa, usaha, harufu mbaya au maumivu yanayozidi ni dalili za vijidudu. Msingoje kesho.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini Roberts alikufa siku 39 baada ya moto kuzimwa?
2. Kwa nini mtu aliyesimama mbali na esansi anaweza kuungua?
3. Tumimine maji juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika ngapi?
4. Bidoni ya esansi ya nyumbani kwenu inakaa wapi leo?

La nne lisijibiwe kwa mdomo tu. Simameni, mkaangalie.