TUOTESHE MITI YA MBAO KATIKA MAKOPO

Somo letu la leo ni juu ya miti ya mbao ngumu. Hatusemi miti ya shamba kubwa la serikali. Tunasema miti ambayo mtu anaweza kuiotesha nyuma ya nyumba yake, katika makopo, kisha akaipanda mwenyewe. Soma polepole. Ukimaliza, msomee na mwenzako.

Kwa nini tuoteshe?

Tutazame kijiji chetu. Mvuvi anataka ngalawa, na ngalawa huchongwa katika gogo la mti mkubwa kama mwembe. Fundi wa vyombo anataka mataruma. Anayejenga anataka milango na madirisha. Mama anataka kuni za kupikia. Tanuu la chokaa nalo linakula kuni nyingi mno. Wote hao wanaingia katika uwanda ule ule wa mawe, na shoka mkononi.

Kuangusha mti ni kazi ya siku moja. Kuukuza mti ni kazi ya miaka mingi. Tukikata tu bila ya kupanda, mwisho wake tunaujua: mbao tunazinunua zilizovushwa bahari kutoka Bara, na bei yake si ya mchezo.

Wapo wazee wanaosema, "Aa, mimi nishazeeka. Mti huu sitauvuna." Inawezekana ni kweli. Lakini zile embe ulizokula jana, mwembe wake uliupanda wewe? Aliupanda mtu ambaye pengine hakumjua hata baba yako. Basi na sisi tuna deni la kulipa.

Miti miwili ya kuanzia

Leo tunachagua miti miwili tu.

Wa kwanza ni mtondoo. Huu ni mti wa pwani. Unastahamili upepo wa chumvi na mchanga. Mbao yake ni ngumu na mafundi wa vyombo wanaijua. Ukienda Jozani, katika ule msitu wenye maji chini, utaiona mitondoo mikubwa imesimama. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, kwa hiyo usiokote mbegu huko bila ya ruhusa. Tafuta mitondoo iliyopo pwani na vijijini.

Wa pili ni mbambakofi. Bara wengi wanauita mkongo. Mbao yake ni nzito, na mchwa hauipendi. Milango mingi ya zamani ya Mji Mkongwe, ile yenye nakshi, ilichongwa kwa mbao ngumu kama mbambakofi na msaji. Milango ile imekaa miaka mia na zaidi, ikipigwa na jua na mvua. Lakini mbambakofi hukua polepole. Usiupande ukitaraji kuuvuna kesho.

Mbegu

Okota mbegu mbivu zilizoanguka chini. Chagua nzima, nzito, zisizotobolewa na wadudu. Okota chini ya miti kadhaa, siyo mmoja tu. Ukichukua kwenye mti uliopinda, usishangae miche ikipinda.

Mbegu ya mtondoo haitaki kuwekwa. Ukiiokota, ioteshe mapema, maana ikikaa inakufa. Kwanza menya ganda la nje. Ndani utaona kokwa ngumu ya mviringo. Igonge kidogo kwa nyundo mpaka ipate ufa, lakini usikiponde kiini kilichomo ndani. Ukiipanda kokwa nzima bila ya kuigonga, inaweza kukaa karibu miezi miwili ndipo iote. Ukiutoa kabisa ule ukoko mgumu, kiini kinaweza kuota katika muda wa wiki tatu hivi. Angalia sana: tunda la mtondoo lina sumu. Watoto wasilichezee wala wasilitie mdomoni.

Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi, inang'aa, na ina kikofia chekundu. Ondoa kile kikofia. Kisha isugue upande mmoja kwenye jiwe mpaka ngozi nyeusi ichubuke kidogo. Iloweke katika maji usiku mmoja, na asubuhi ipande. Nyingi huota baina ya wiki moja na wiki tano. Mbegu hii, tofauti na ya mtondoo, ikiwa kavu inaweza kuwekwa. Itie katika chupa yenye kifuniko pamoja na majivu kidogo ili wadudu wasiishambulie.

Makopo

Huna haja ya kununua kitu. Makopo ya maziwa, makopo ya rangi yaliyooshwa vizuri, madumu ya mafuta yaliyokatwa na chupa kubwa za maji, vyote vinafaa. Hata pakacha refu la makuti linafaa, na uzuri wake ni kwamba unalifukia pamoja na mche. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu usiitafute. Imepigwa marufuku hapa Zanzibar.

Kopo liwe refu. Urefu ni bora kuliko upana. Shubiri moja na nusu si kubwa mno kwa mbambakofi, kwa sababu mzizi wake mkuu huteremka chini upesi sana, hata kabla ya majani kuwa mengi. Toboa matundu manne au matano chini ya kopo kwa msumari. Maji yakituama, mizizi inaoza.

Udongo

Kwetu Makunduchi mawe ni mengi kuliko udongo. Hilo halituzuii. Kopo moja halitaki udongo mwingi. Changanya hivi: makopo mawili ya udongo mwekundu au udongo mweusi wa chini ya miti, kopo moja la mchanga, na kopo moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza. Mchanga wa ufukweni usiutie. Una chumvi. Samadi mbichi pia usiitie. Inaunguza mizizi.

Jaza kopo mpaka libakie nafasi ya vidole viwili. Tia maji. Panda mbegu moja kila kopo, kwa kina cha vidole viwili. Funika udongo, kisha tandaza majani makavu kidogo juu yake.

Kulea miche

Weka makopo chini ya kibanda kidogo cha makuti. Makuti yasizibe kabisa. Jua liingie kwa nusu. Mwagia maji asubuhi au jioni, si saa sita mchana. Yaonje maji kwanza. Baadhi ya visima karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Hayo usimwagie miche. Kinga maji ya mvua kila unapopata.

Maadui ni watatu: kuku, mbuzi na panya. Kuku anachakura, mbuzi anakula majani, panya anafukua mbegu usiku. Zungushia ua wa miti au wavu mkuukuu wa kuvulia.

Kosa letu wenyewe

Sasa hebu tuwaeleze kosa tulilolifanya, ili nyinyi msilirudie. Tuliotesha mibambakofi katika makopo mafupi ya maziwa. Miche ikatoka mizuri. Tukajivuna. Tukaiacha humo humo mwaka mzima na zaidi, kila siku tukisema, "Tutapanda, tutapanda." Mwisho tukapanda. Majani yakawa mabichi na kila apitaye akatusifu. Mwaka wa tatu Kusi likavuma kwa nguvu. Asubuhi tukakuta miti sita imelala chini.

Tulipoifukua tukaona ajabu. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo. Haikuteremka hata kidogo. Ilikuwa bado ina umbo la kopo. Juu mti, chini hamna kitu! Miaka mitatu ya kazi ikapotea katika usiku mmoja.

Bibi mmoja jirani yetu alikuja kutazama. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba wanangu. Mti nao kama mtoto. Mkimfungia ndani, atajuaje kutembea?" Maneno yale hatujayasahau.

Basi shika mambo mawili. Kwanza, kopo liwe refu. Pili, usichelewe kupanda. Ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini, mche unakwambia, "Nitoe."

Lini tupande?

Otesha mbegu wakati wa vuli, mwezi wa Oktoba au Novemba. Ukifika mwezi wa Machi au Aprili, masika yanapoanza, miche inakuwa na miezi mitano hivi. Wiki tatu kabla ya kupanda, punguza makuti ya kibanda kidogo kidogo. Mche uzoee jua. Usiutoe kivulini leo ukaupeleka kwenye jua kali kesho.

Katika uwanda, tafuta shimo la mawe lenye udongo. Tumia mtaimbo kulipanua. Tia samadi iliyooza. Lipasue kopo upande, usiung'oe mche kwa kuuvuta. Mzizi ukiwa umeanza kujizungusha, unyooshe kwa mkono au ukate ncha yake kwa kisu kikali. Panda wakati wa jioni au siku ya mawingu. Acha hatua tano baina ya mti na mti. Zungushia mawe na miba ili mbuzi wasifike.

Kabla ya kupanda, zungumza na jamaa. Kwetu Unguja, tangu zamani, mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye mti mwingine. Ni jambo jema, lakini likiachwa bila ya kusemwa huleta ugomvi baina ya ndugu. Andika katika daftari: nani kapanda, wapi, tarehe gani. Sasa unajua kuandika. Itumie elimu yako. Na siku mti utakapokuwa mkubwa ukataka kuukata, nenda kwanza kwa sheha na kwa watu wa misitu ukapate ruhusa, kwa kuwa ipo sheria ya misitu ya mwaka 1996.

Hesabu

Una makopo 40. Umepanda mbegu 40. Robo hazikuota. Mbuzi wakala miche 6. Imebaki mingapi?
Robo ya 40 ni 10.
40 – 10 = 30.
30 – 6 = 24.
Imebaki miche 24. Nyumba kumi zikifanya hivyo, kijiji kitapata miche 240 katika masika moja.

Maneno ya kukumbuka

Uwanda: ardhi yenye mawe mengi na udongo haba.
Mzizi mkuu: mzizi mnene unaoteremka moja kwa moja chini.
Samadi: kinyesi cha mifugo kinachorutubisha udongo.
Mataruma: mbao zinazoshikilia ubavu wa chombo kwa ndani.

Maswali

1. Kwa nini mbegu ya mtondoo isiwekwe muda mrefu?
2. Kopo refu lina faida gani?
3. Kwa nini miti yetu sita ilianguka?
4. Katika kijiji chako, ni nani anayejua ulipo mtondoo au mbambakofi wa zamani? Nenda kamuulize, kisha andika jibu lake katika daftari lako.

Ndugu wasomaji, vuli haiko mbali. Makopo yaliyotupwa nyuma ya jiko yaokoteni leo. Tukutane katika somo lijalo.