Chemchemi ya mlimani: wazee na vijana tushikane



Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, sisi wauguzi wa wodi ya watoto tunajua la kufanya. Tunaongeza vitanda na kuhesabu chupa za dripu. Siku tatu nne baada ya mvua kubwa wanaanza kuletwa watoto wanaohara, kutoka Kidahwe na vitongoji vyake, kutoka bonde la mto Luiche, hata kutoka Ujiji. Mvua imeosha milima, uchafu wote wa kiangazi umeshuka kwenye visima na vijito, na mama amechota maji kama kawaida yake.

Mwaka mmoja tulimpokea mtoto wa mwaka na nusu, macho yamedidimia, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole sana. Aliletwa na bibi yake pamoja na mjomba wake, kijana wa miaka kama 20. Tulimtundikia dripu, na alipoanza kukojoa tukajua amepona. Hapo hapo ugomvi ukazuka kando ya kitanda. Bibi alisema, "Enzi zetu chemchemi ile ilikuwa safi. Ninyi vijana na mkaa wenu ndio mmeimaliza." Kijana akajibu, "Samahani bibi, lakini mashamba ya pale juu waliyagawa nani? Si wazee? Na nauli iliyotufikisha hapa imetoka kwenye magunia hayo hayo ya mkaa."

Tuliwanyamazisha kwa ajili ya wagonjwa wengine, lakini maneno yale yalitubaki moyoni, maana wote wawili walisema kweli. Ukisimama Kidahwe pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza, utayaona magunia ya mkaa yamepangwa yakisubiri magari. Anayeyauza mara nyingi ni kijana asiye na shamba. Shamba hana kwa sababu ardhi ilikwisha kugawanywa kabla yeye hajazaliwa.

Tueleze kwanza jinsi mti unavyohusika na tumbo la mtoto. Mlima wenye miti na majani hunywa maji ya mvua polepole. Maji yanapita kwenye udongo, udongo unayachuja, nayo yanatokea chini baada ya wiki au miezi yakiwa masafi. Mlima ulio uchi hauwezi kunywa. Maji yanateleza juu juu, yanachukua udongo, mavi ya ng'ombe na ya watu, na kuyapeleka bondeni kwa siku moja. Kwa hiyo masika tunapata maji mengi machafu, na kiangazi tunapata matope. Udongo huo huo huishia ziwani na kufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wengi hutaga mayai.

Wako wanaosema ziwa ni kubwa, litajisafisha lenyewe. Tukumbuke mwezi Mei 2015 kule Kagunga, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika ufukweni bila vyoo vya kutosha na kunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kiliwapata watu wapatao 3,000, na zaidi ya 30 walikufa.

Sasa nani atautengeneza mlima? Tumeona vikundi vingi vikianza na kufa, na sababu kubwa moja tunaijua: wazee hufanya peke yao au vijana hufanya peke yao. Katika kijiji kimoja vijana waliletewa miche ya mikaratusi bure, wakaipanda kwa bidii kuzunguka chemchemi. Mzee mmoja aliwaambia mti ule unakunywa maji kuliko ng'ombe, afadhali wapande mikuyu na mizambarau ya porini kama ilivyokuwa zamani. Wakamcheka, ni mambo ya kizamani. Baada ya miaka michache chemchemi ikawa inatoa maji kidogo sana wakati wa kiangazi. Mikaratusi si mti mbaya, hutupatia nguzo na kuni, ila mahali pake si kwenye maji.

Lakini wazee nao wasijisifu mapema. Kijiji kingine wazee walikataa katakata kujengea chemchemi kwa saruji, wakasema maji yaliyotoka kwa Mungu hayana ugonjwa. Binti aliyemaliza kidato cha nne alijaribu kuwaeleza habari za vijidudu, wakamwambia akae chini. Tuliwapokea wagonjwa wa kijiji kile mwaka hata mwaka.

Hapa mkoani kwetu tuna mfano wa kujifunza. Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960 akiwa kijana wa miaka 26 kuchunguza sokwe. Wakati ule misitu iliifunika milima ya ufukweni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipopita juu kwa ndege, aliona msitu wa hifadhi umebaki kama kisiwa katikati ya milima mitupu. Alitambua kwamba sokwe hawawezi kupona kama watu wa jirani wana njaa na magonjwa. Mwaka 1991 alikutana na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari nyumbani kwake Dar es Salaam, na hapo ndipo vilipoanzia vikundi vya vijana vya Roots & Shoots, ambavyo leo viko katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani na Gombe. Watumishi wa mradi, Watanzania wenyewe, waliwauliza wanakijiji wanataka nini. Jibu halikuwa miti. Walitaka chakula, huduma ya afya, maji na shule. Miti ilikuja nyuma ya hayo, na sisi wauguzi tunaona huo ndio utaratibu wenye akili.

Jambo linalotupendeza zaidi katika kazi ile ni ramani. Picha kubwa zilizopigwa kutoka angani kwa setilaiti zilitandazwa mbele ya wanakijiji, nao wakaonyesha wenyewe nyumba zao, njia, vijito na mahali palipoheshimiwa tangu zamani. Picha haijui jina la kijito, mzee ndiye anayelijua. Vijiji vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, na walinzi waliochaguliwa kijijini wakapita msituni na simu kuandika kila mti uliokatwa. Tena visiki vya miti ya miombo vikiachwa bila moto na bila shoka huchipua vyenyewe. Si kila mlima unahitaji miche ya kununua.

Basi, kikundi cha Kidahwe au cha kijiji chochote kinaweza kuanza na chemchemi moja. Watembee pamoja, wazee wakionyesha jicho la maji lilikuwa wapi kabla halijazibwa na matope. Vijana wachimbe mpaka pale maji yanapotoka kwenye mwamba au udongo mgumu. Wapange mawe yaliyooshwa, juu yake kokoto, kisha wafunike kwa udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri ili maji ya juu yasipenye. Mbele ujengwe ukuta mdogo wa saruji wenye bomba, lililoinuka kiasi cha ndoo kukaa chini yake. Maji yanayomwagika yapewe njia ya kushuka, na ng'ombe watengenezewe birika lao mbali kwa chini. Upande wa juu, kama hatua kumi kutoka kwenye jicho, uchimbwe mfereji wa kukinga maji ya mvua, na nje ya mfereji ziwekwe miti na uzio. Choo kisiwe juu ya chemchemi. Kikiwa pembeni kiwe mbali zaidi ya meta 30.

Hilo la choo na shamba ndilo huleta maneno, maana mwenye shamba lile la juu ni mtu, mara nyingi ni mzee mwenye heshima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya kulinda chemchemi zake. Vijana wanaweza kuisoma sheria hiyo kwa sauti mkutanoni. Kumwendea mwenye shamba jioni nyumbani kwake na kukaa naye mpaka akubali ni kazi ya wazee wenzake. Kijana akienda peke yake na karatasi atafukuzwa.

Na mkaa? Hatuwezi kumwambia kijana aache bila kumpa kingine. Ufugaji wa nyuki tunaupenda, kwa sababu wazee wetu wa Kigoma wanaujua pori na majira ya maua kuliko kitabu. Ila wengi wao wamezoea mzinga wa gome, na mti uliochunwa gome hufa. Mzinga wa mbao, ambao vijana wanaweza kuutengeneza, hauui mti. Mzee na afundishe mahali pa kuutundika, kijana na apande juu.

Wakati mlima unapona, mtoto lazima anywe leo. Maji ya chemchemi iliyojengwa nayo huchafuka ndooni, kwa hiyo chemsheni, au wekeni maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi na kuzilaza juani saa 6, au siku 2 kama kuna mawingu. Mtoto akianza kuhara apewe dawa ya ORS ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, akiwa mlegevu au kinyesi kikiwa na damu, mleteni hospitali usiku huo huo.

Yule bibi na yule kijana tuliwaona tena baadaye, wamekuja kliniki na mtoto. Tuliwauliza habari za chemchemi. Bibi alisema mwenye shamba ameachia hatua ishirini, bado hatua kumi anabishana. Kijana alisema mfereji wameuchimba, lakini umejaa udongo na inabidi kuuzibua kabla ya mvua za Oktoba.