Uchovu wa Mgonjwa wa Kansa si Uvivu

Ndugu wafanyakazi, somo letu linahusu jambo linaloleta ugomvi kwenye mashamba ya chai. Mwenzetu anatoka Bweyeye, anavuka nchi hadi Butaro, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Anatibiwa, anarudi. Chai anayochuma haifiki nusu ya ile ya zamani, kisha anakaa chini. Mnyapara anamwita mvivu. Je, ni kweli?

Si kweli. Tuanze na damu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kila moja huishi siku 120 hivi, na mpya hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Dawa za kansa huua chembe zinazogawanyika upesi, na uboho nao hugawanyika upesi. Basi nao huumia. Damu hupungua, na mtu huhema akipanda kilima hata na kikapu kitupu.

Lakini wako ambao damu yao ikipimwa ni nzuri, na bado wamechoka. Hapa ndipo wengi hushindwa kuelewa. Kumbuka ulivyougua malaria: ulitaka kulala tu, ukakosa hamu ya kula. Uchovu ule hauletwi na kazi. Kinga ya mwili hutoa kemikali ziitwazo saitokini, nazo huuambia ubongo upunguze shughuli. Kansa, dawa zake na mionzi huziamsha kemikali hizo hizo, na uchovu huweza kudumu miezi, pengine mwaka na zaidi baada ya matibabu. Mionzi, inayotolewa Kanombe mjini Kigali tangu 2019, huzidisha uchovu wiki hata wiki. Ndiyo maana kulala usiku kucha hakuuondoi.

Tena kitanda kina hasara yake: misuli isiyotumika hunyauka. Imethibitishwa kwamba kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu huu, ingawa jamaa wa mgonjwa, kwa huruma, humkataza hata kuteka maji. Hata hivyo apimwe kwanza damu na malaria, maana hayo yana dawa.

Kazini, tawi limwombee kazi nyepesi, kama kupima majani, kwa saa chache zinazoongezwa kadiri apatavyo nguvu. Daktari aandike uchovu huo waziwazi katika barua yake. Barua isemayo "amepona" tu humrudisha kwenye kikapu kesho yake.