Hofu Isiyo na Tarehe

Breki za lori zina kazi moja: kugeuza mwendo kuwa joto. Lori la tani 50 linaposhuka mteremko wa Senjele, wilayani Mbozi, joto hilo ni kubwa mno, na dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kuiachia gia ndogo kazi ya kulishika gari, breki hupata moto hadi zikaacha kushika. Wakazi wa kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuanzia Mbalizi hadi Vwawa na Tunduma, wanajua kinachofuata. Trafiki wanakuja kupima, fundi anakagua mfumo wa upepo, gari linavutwa. Majeruhi wanapelekwa hospitali, mifupa inaungwa. Kuna jeraha moja ambalo kwa kawaida hakuna anayelipima, na ndilo ninalotaka tulichunguze polepole, kuanzia kwenye mzizi wake.

Tumfikirie utingo wa lori kama hilo. Aliruka kabla gari halijapinduka, akatoka na michubuko. Dereva wake hakutoka. Hospitali wakampiga picha, wakamwambia hana tatizo. Wiki sita baadaye yuko Tunduma, katika foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Lori la jirani linaachia upepo wa breki, mlio mkali wa sekunde moja. Kabla hajawaza lolote, tayari ameruka hadi mtaroni, moyo unamwenda mbio, na pua inanusa breki zinazoungua ilhali hakuna gari linalotembea. Usiku anaota mteremko uleule. Ameanza kukataa safari. Wenzake wanasema ameingiwa na woga. Mama yake, kule Ileje, anashuku kuna mkono wa mtu. Daktari wa akili angemchunguza kwa ugonjwa wa kiwewe, ambao uliingia rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, ingawa watu wameuugua tangu zamani kwa majina mengine mengi.

Tuanze na mwili. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, karibu na usawa wa sikio, kuna kisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Saa zote kinauliza swali moja: je, hili laweza kunidhuru? Taarifa za macho na masikio hufika hapo kwa njia ya mkato, kabla sehemu za juu za ubongo hazijamaliza kutambua kilichoonekana au kusikika. Jibu likiwa ndiyo, amri inashuka hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, adrenalini inamwagika katika damu, na ndani ya sekunde chache moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo linasitisha kazi, mboni za macho zinatanuka. Dakika kadhaa baadaye inafuata kortisoli, inayouweka mwili tayari kwa muda mrefu zaidi. Utingo wetu hakupiga hesabu yoyote pale Senjele. Mwili wake ulimrusha, ukamwokoa.

Ila kuokoka mara moja hakutoshi. Kiumbe anayenusurika leo na kusahau kesho hana maisha marefu, kwa hiyo mfumo uleule unaouamsha mwili hukaza pia kumbukumbu. Mwaka 1994 huko California, Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwasomea watu hadithi yenye picha. Wengine walisikia hadithi ya kawaida, wengine ya kutisha kuhusu mtoto aliyepata ajali. Waliosikia ile ya kutisha waliikumbuka zaidi, kama mtu angetarajia. Lakini waliokuwa wamepewa kwanza propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, hawakuikumbuka kwa ziada hiyo. Hofu hukaza kumbukumbu kwa njia ya kemia, na kemia hiyo inaweza kuguswa.

Kinachokazwa si tukio peke yake. Kila kilichokuwepo wakati ule hufungwa pamoja nalo: mlio wa upepo, harufu ya breki, mwanga wa jioni, hata wimbo uliokuwa ukipigwa redioni. Mrusi Ivan Pavlov alilionyesha hili zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa mbwa waliozoeshwa kusikia mlio kabla ya chakula. Baada ya muda mlio peke yake ukawatoa mate. Kwa chakula, mbwa alihitaji marudio mengi. Kwa tishio la kifo, mara moja yaweza kutosha.

Kumbukumbu ya kawaida ina kitu kingine ambacho hatukioni kwa kuwa kipo siku zote: mahali na tarehe. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ndiyo inayolifunga tukio na pale lilipotokea, lini, na baada ya nini. Watu wa Tunduma wataelewa upesi. Shehena inayofika mpakani bila nyaraka hairuhusiwi kupita. Inakaa yadi, inaziba njia, na kila siku kuna mtu anaulizwa habari zake. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika hofu kuu amigdala hufanya kazi kwa nguvu zote huku hipokampasi ikizidiwa, hivyo kumbukumbu ikaingia ikiwa na milio na harufu zake zote lakini bila nyaraka za wakati. Ndiyo sababu utingo wetu, akisikia upepo wa breki, hakumbuki kwamba aliwahi kupata ajali. Anaipata sasa hivi.

Hapa linakuja swali ambalo wengi hawaliulizi: kwa nini si wote wanaougua? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao asilimia 70 duniani hupitia tukio la kutisha angalau mara moja maishani, na kati yao wanaopata ugonjwa huu ni kama asilimia 5.6. Kwenye vita na ukatili wa kingono idadi hupanda sana. Hata hivyo walio wengi, baada ya wiki kadhaa za usingizi mbaya na mishtuko, hutulia bila dawa wala daktari. Kitu gani kimewaponya?

Jibu lipo kwa Pavlov tena. Aliwapigia mbwa wale mlio bila kuwapa chakula, mara nyingi, na mate yakakoma. Mtu angedhani somo la kwanza limefutika. Lakini mbwa akipumzishwa kisha akapigiwa mlio, mate yalirudi. Somo la kwanza lilikuwepo bado. Juu yake lilikuwa limejengwa somo jipya linalosema kwamba mlio huu sasa hauleti kitu. Kwa binadamu, somo jipya hutegemea sehemu za mbele za ubongo, nyuma ya paji la uso, ambazo huituliza amigdala. Kwangu mimi huu ndio ukweli mzito kuliko yote katika elimu ya kiwewe. Hofu iliyojifunzwa haing'olewi. Hufundishwa jambo la ziada.

Anayepona mwenyewe, basi, mara nyingi ni yule aliyeendelea kukutana na milio ile na kuona kwamba hakuna kilichotokea. Anayeugua mara nyingi ni yule aliyeikwepa. Kukwepa kunaleta nafuu leo leo, na ndiyo maana kunanasa: utingo akikataa safari, moyo unatulia, na ubongo unahitimisha kwamba kukataa ndiko kulikomwokoa. Somo jipya halipati nafasi. Pombe kali ya kutafutia usingizi inafanya vilevile, na inauharibu usingizi wenyewe. Yapo pia mawazo ya hatia, yanayong'ang'ania kama kupe: ningemwamsha dereva, ningemwambia apunguze mwendo. Mkwepo, hatia, ndoto na kumbukumbu zinazovamia, na mwili usiotulia, vikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au nyumba, huo ni ugonjwa.

Mazingira yanayofuata tukio yana uzito wake. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, lililoua watu 213 siku ileile ambayo lingine liliua 11 Dar es Salaam, daktari wa akili Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya 2,883 walioguswa na mlipuko. Asilimia 35 walikuwa na dalili za kiwewe katika miezi ya mwanzo. Kuona mlipuko na kuumia viliongeza hatari, kama inavyotarajiwa. Lakini hata kukosa rafiki wa kumweleza yaliyomsibu mtu, na kuishiwa fedha baada ya tukio, viliongeza. Nikiwafikiria madereva wa Tunduma, hilo linanigusa sana. Mtu anayelala ndani ya gari wiki nzima akisubiri kuvuka hana nyumbani pa kusimulia. Na wengine wamebeba mengi kuliko ajali: Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na wanamgambo wa Mai-Mai eneo la Namoya, mashariki mwa Kongo, hadi walipookolewa na jeshi la nchi hiyo. Watu wa aina hiyo hurudi barabarani kwa sababu watoto wanahitaji ada.

Tiba inafuata moja kwa moja kutoka kwenye sayansi hii: kuipa kumbukumbu nyaraka zake, na kuupa ubongo somo jipya. Njia moja iliyopimwa hapa kwetu Afrika Mashariki ni tiba ya simulizi, iliyoasisiwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Mgonjwa anatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Palipo na furaha anaweka ua, palipo na msiba anaweka jiwe. Kisha anasimulia kwa mpangilio wa miaka, na msimulizi akifika kwenye jiwe, mtaalamu anampunguza mwendo. Ulikuwa umekaa upande gani? Ulisikia nini? Mikono ilikuwa wapi? Na sasa hivi, unaponieleza, mwili unafanya nini? Hapo hofu hupanda kweli, machozi yakaja, na kazi ya mtaalamu ni kutomwacha akimbie hadi hofu ishuke yenyewe huku bado wako kwenye simulizi. Yote yanaandikwa. Kikao kinachofuata yanasomwa kwa sauti, yanarekebishwa, yanaendelezwa, na mwishoni mwenye maisha anakabidhiwa simulizi yake.

Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, njia hii ilijaribiwa kwa wakimbizi 43 wa Sudan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne tu, waliobaki na ugonjwa kati ya waliosimulia walikuwa asilimia 29. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Lilikuwa kundi dogo. Lakini mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya Nakivale, pia Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na humo watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi. Miezi tisa baadaye takribani asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa bila tiba walikuwa asilimia 37. Huko mashariki mwa Kongo, wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono walihusishwa katika utafiti wa 2013, na tiba ya vikundi, inayochambua mawazo ya hatia na aibu, iliongozwa na kina mama wenye elimu ya sekondari kiasi. Nafuu ilikuwa kubwa na ilidumu.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una watu zaidi ya milioni 1.3. Kusubiri kila mmoja wao aonwe na daktari bingwa wa akili ni kusubiri miaka mingi. Nakivale na mashariki mwa Kongo zinaonyesha tusisubiri: wauguzi wa vituo vya afya, wahudumu wa jamii, hata madereva wastaafu wanaoheshimika, wakifundishwa vizuri na kusimamiwa na bingwa, wanaweza kuifanya kazi hii pale mpakani ambapo malori husimama yakisubiri.

Simulizi hufuatwa na barabara. Utingo wetu angekaa kwanza ndani ya lori lililozimwa, kisha lililowashwa, kisha asikie upepo wa breki ukiachiwa mara nyingi hadi mwili uchoke kuruka, kisha asafiri hadi Mpemba, hadi Vwawa, na mwisho Senjele na dereva anayemwamini. Mahali pawe pengi kwa makusudi, kwa kuwa somo jipya hushikamana na mahali lilipofundishwa. Akishtuka tena akiwa Lusaka, hajarudi mwanzo. Amefika mahali ambapo somo bado halijafundishwa.

Siku za mwanzo baada ya ajali tusimlazimishe mtu kusimulia. Huko Oxford, majeruhi wa ajali za barabarani waliohojiwa mara moja kwa undani mapema walikuwa na hali mbaya zaidi miaka mitatu baadaye kuliko ambao hawakuhojiwa. Wakati ule anahitaji usalama, chakula, ndugu, usingizi, na taarifa za wenzake. Wala asipewe Valium ya kumtuliza. Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za aina hiyo kwa kiwewe cha mwezi wa kwanza, na hata baadaye hazitibu. Mwezi ukipita na dalili zipo, dawa kama sertralini au fluoksetini zaweza kusaidia chini ya uangalizi wa daktari, hasa pale tiba ya mazungumzo haipatikani. Anayewaza kujiua asisubiri mwezi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mwingine, pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akifika mbele ya daktari aseme tukio lenyewe: ajali ilitokea lini, aliona nini, anaota nini, anakwepa nini. Akisema tu kwamba hapati usingizi, atarudi nyumbani na vidonge vya usingizi.